Jeraha moja, kikosi kizima

Jeraha la kano ya goti huzua mabishano makali miongoni mwa mashabiki wa Leopards, timu ya taifa ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mtaani Kapalata kama kwingine jijini Kisangani. Mchezaji akikatika kano ya mbele ya goti, hufanyiwa upasuaji, na kwa kawaida hukaa nje miezi sita hadi mwaka. Hapo kocha hana la kujadili na daktari. Swali linalobaki ni nani aingie.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Yannick Bolasie. Desemba 4, 2016, akiichezea Everton dhidi ya Manchester United, aliumia goti, na Kombe la Afrika nchini Gabon lilibakiza wiki sita tu. Kocha Florent Ibenge alibaki bila winga wake hodari kuliko wote. Hofu ya mashabiki ilikuwa na msingi, lakini haikuupima upana wa kikosi. Junior Kabananga, aliyekuwa akicheza Astana ya Kazakhstan, alifunga dhidi ya Morocco, akafunga dhidi ya Côte d'Ivoire, akafunga tena dhidi ya Togo. Kongo iliongoza kundi, na mabao hayo matatu yakamfanya mfungaji bora wa mashindano.

Robo fainali, Ghana ilishinda 2-1. Kudai kwamba Bolasie angeyabadili matokeo hayo ni kukisia tu. Yeye alirejea uwanjani Desemba 26, 2017, mwaka mmoja na wiki tatu baada ya kuumia.