Mtoto Naye Aulizwe

Mtume (S.A.W.) aliletewa kinywaji, kuliani kwake kaketi kijana mdogo, kushoto wazee. Akamuomba kijana ruhusa awatangulize wazee. Kijana akakataa, naye Mtume akampa yeye. Aliulizwa, na jibu lake likafuatwa!

Sasa hapa kwetu Kisii na Nyamira: tangu 2013 chekechea ziko chini ya kaunti. Mkutano wa bajeti ukiitwa siku ya shule, nani atasema tundu la choo ni pana, mtoto anaogopa kutumbukia? Mzee hakitumii choo hicho. Na Sheria ya Watoto ya 2022 yataka mtoto apewe nafasi atoe maoni, kwa kadiri ya umri wake. Basi wazazi, kabla ya kwenda mkutanoni waulizeni, mkayaseme waliyowaambia. Tena ombeni kikao cha Jumamosi, waje wenyewe.