Kibali cha Ugenini Huanzia Kijijini

Juma hili nazungumza na walimu wetu wanaofundisha nje ya nchi, pamoja na wale wanaofunga mizigo. Tangu Rwanda ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017, mwalimu wa Kiswahili amepata soko huko. Nami nimefundisha Kigali miaka minne.

Wapo wanaodhani kuwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki mtu hahitaji karatasi. Sivyo. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, inampa mfanyakazi haki ya kwenda kufanya kazi katika nchi mwanachama. Lakini mwenye mkataba unaozidi siku 90 ni lazima aombe kibali. Kibali cha kwanza hakizidi miaka miwili. Kikikaribia kwisha, unaomba kuongezewa muda.

Hapo ndipo kazi inapoanza. Mkataba mpya utapewa na mwajiri. Vyeti vya ualimu unavyo sandukuni. Lakini yote hayo yanaegemea pasipoti, na pasipoti nayo ina siku yake ya mwisho. Ukiomba mpya, Uhamiaji watataka cheti chako cha kuzaliwa, na cha mzazi wako au kiapo kinachokubalika badala yake. Cheti hicho, ndugu yangu, hakitoki Kigali. Kinatoka ulikozaliwa.

Mimi nilizaliwa Salale, katika delta ya Rufiji, nyumbani, mikononi mwa mkunga wa jadi. Wazee wetu huko huhesabu miaka kwa mafuriko. Yale ya 1968 ndiyo yaliyofuatiwa na Operesheni Rufiji, watu wengi wa bondeni wakahamishiwa nchi ya juu. Mimi, kwa hesabu ya shangazi yangu, nilizaliwa mwaka uliofuata. Cheti sikuwa nacho, wala wenzangu wengi wa rika langu hawakuwa nacho.

Kibali changu kilikuwa kimebakiza miezi mitano nilipoomba likizo. Nilifika Nyamisati, nikangoja maji yajae ndipo mashua iondoke. Shangazi nilimkuta barazani, macho yamefifia lakini kumbukumbu kali. Mtendaji wa kijiji akaniandikia barua, nikachukua cheti cha shule ya msingi, tukaenda na shangazi mpaka Kibiti kula kiapo. Cheti cha shule kinasema Wilaya ya Rufiji, kwa kuwa wakati ule Kibiti haikuwa wilaya. Hilo nalo likahitaji maelezo.

Kisha yakaja majina. Shuleni niliandikwa Mohamedi, chuoni Mohamed, kwenye pasipoti ya zamani Muhamed. Karani akanitazama, akaniuliza, "Mwalimu, kati ya hawa watatu wewe ni yupi?" Ilibidi nile kiapo kingine, kwamba wote watatu ni mimi.

Nilipata cheti, nikapata pasipoti, nikarudi darasani kibali kikiwa bado na wiki tatu. Mwaka uliofuata shangazi alifariki. Alikuwa wa mwisho miongoni mwa walioniona siku niliyozaliwa. Angetangulia kabla ya safari ile, nani angeniapia?

Kwa hiyo nasema: usingoje kibali kikaribie kwisha. Shahidi wako ni mzee, na mzee hana tarehe ya kuongezewa muda. Nenda likizo hii. Linganisha majina kwenye vyeti vyote, herufi kwa herufi. Toa nakala, moja ikae nawe, nyingine kwa ndugu anayekaa mahali pakavu. Mafuriko ya Aprili 2024 huko Rufiji na Kibiti yaliingia mpaka vyumbani, na maji hayachagui kati ya mkeka na cheti.

Na wewe mzazi wa mtoto mchanga, msajili sasa, angali mdogo. Usimwachie kazi ya kutafuta mashahidi miaka 50 baadaye.

Wahenga wa pwani walisema, mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mwalimu anaweza kufika Kigali, Muscat au Berlin. Siku ya karatasi atarudi ngamani, kwa mtendaji wa kijiji na kwa shangazi. Amuwahi angali hai.

Kwa leo ni hayo. Juma lijalo, Mungu akipenda.