Wazee na Chanjo ya Mafua

Nchini Uingereza, kila aliyetimiza miaka 65 hupewa bure chanjo ya homa ya mafua kila mwaka. Hata hivyo wapo wazee wanaoikataa, wakiamini sindano ndiyo itakayowalaza kitandani. Naielewa hofu yao, lakini chanjo hiyo ya sindano haina virusi hai. Haiwezi kuleta mafua. Mkono utauma, pengine na homa kidogo, kisha basi. Kinga ya mzee imepungua makali, ndiyo maana hutengewa chanjo iliyoongezewa nguvu. Ya mwaka jana haitoshi, kwani virusi hubadilika. Ndugu msikilizaji unayemtunza bibi au babu huko, mpeleke mapema kabla baridi haijakolea: mwili unahitaji kama wiki mbili kujenga kinga.