Fizi Kutoka Damu Wakati wa Kiangazi

Mazungumzo yaliyosomwa mbele ya wanakijiji, Mkoa wa Dodoma



Nimeombwa ninene nanyi habari za fizi. Mimi si daktari. Ni karani, na kazi yangu ni kalamu na daftari. Haya nitakayowaambia nimeyapata kwa kusoma na kwa kuwauliza waganga wa hospitali, na mengine nimeyapata kwa majuto, kama mtakavyosikia.

Katika nchi yetu hii ya Ugogo mvua huanza kunyesha mwezi wa Desemba, na kufika Mei imekwisha koma. Tangu hapo hata Novemba ni ukavu. Juni na Julai usiku huwa wa baridi, na mchana upepo huvuma na kuinua vumbi. Ndipo wengi husema, "Upepo umeniingia katika fizi." Ufizi huvimba na kuwa mwekundu, damu hutoka mtu apigapo mswaki, na kinywa hunuka. Hali hiyo yote watu huiita kiseyeye, nao hungoja mvua, wakidhani kwamba jambo lililoletwa na majira litaondolewa na majira.

Shangazi yangu alingoja hivyo miaka mitatu. Kila kiangazi damu ilimtoka. Kila masika alipata nafuu kidogo. Nami niliyesoma nikamwambia, "Vumilia, shangazi, mvua i karibu." Mwaka wa nne meno yake ya mbele ya chini yakaanza kucheza. Alipofika hospitali, manne hayakuweza kuokolewa. Hakunilaumu, alinicheka tu, kwa kinywa kile kile chenye pengo. Tangu siku ile nikataka kujua kama kweli mwenye kosa ni upepo.

Jibu nililipata katika habari za nchi ya mbali. Mwaka 1965, huko Denmark, Harald Löe na wenzake waliandika habari za watu 12 wenye fizi nzima, walioambiwa waache kabisa kusafisha meno yao. Katika muda wa siku 10 hata 21, wote 12 walikuwa na fizi zilizovimba. Walipoanza tena kusafisha, fizi zikapona kwa muda wa kama juma moja. Bassi, hapo hapakuwa na vumbi la Ugogo wala kiangazi chetu. Palikuwa na ukoga tu, ule utando mwororo ushikao penye maungano ya jino na ufizi, uliojaa vijidudu. Usipoondolewa hugeuka mgumu kama chokaa, hasa nyuma ya meno ya mbele ya chini, karibu na mahali yatokapo mate. Kumbukeni meno ya shangazi.

Je, majira hayana hatia hata kidogo? Hapa sikubaliani na vijana wanaowacheka wazee. Majira hayaumbi ugonjwa huu, lakini huufungulia mlango. Kisima kikikauka, na ndoo moja ikawa safari ya nusu siku, nani atakayekumbuka kusafisha kinywa? Tena mate ndiyo maji ya kinywa: huosha meno na kuwapinga vijidudu. Mtu asiyekunywa maji ya kutosha katika jua kali, mate yake hupungua. Na yule ambaye pua imezibwa na mafua ya baridi au vumbi, akalala huku akipumua kwa kinywa, huamka fizi zake za mbele za juu zimekauka. Ukoga aliokuwa nao tangu zamani sasa humsumbua zaidi, naye husema ni upepo.

Liko na jambo la chakula, nalo lataka maelezo marefu kidogo. Kiseyeye cha kweli ni ugonjwa mwingine: hutokana na kukosa vitamini C, iliyomo katika matunda na mboga mbichi. Mtu akikaa mwezi mmoja hata mitatu bila kuipata, fizi huvimba na kutoka damu, mwili hulegea, vidonda vya zamani hukataa kupona. Mwaka 1747 James Lind, mganga wa merikebu ya Kiingereza, aliwatwaa mabaharia 12 wenye kiseyeye, akawagawa wawili wawili, kila jozi na dawa yake. Wawili waliopewa machungwa na limau walipona upesi kuliko wote.

Nasi kiangazini twala nini? Mlenda uliokaushwa juani. Sisemi uachwe, mimi mwenyewe naupenda, na kwa ugali sijui kinachoushinda. Lakini jua likaushalo majani huharibu sehemu kubwa ya vitamini hiyo. Illakini katika miezi hiyo hiyo mbuyu hutupa matunda yake, na unga wa ubuyu una vitamini C mara kadhaa kuliko chungwa kwa uzito ule ule. Uloweke katika maji safi, usiuchemshe, kwani moto nao huiharibu.

Yaonekana, basi, kwa nini shangazi alipata nafuu masika: maji yalikuwa karibu, na mboga mbichi zilikuwa mlangoni. Lakini ukoga mgumu ulikuwa mahali pake, ukiula mfupa ushikao meno, na mfupa ulioliwa hauoti tena kwa mvua.

Mswaki wa mti watosha, ukitafunwa ncha hata iwe nyuzi laini, ukapitishwa asubuhi na usiku pale penye maungano ya jino na ufizi. Kikombe kimoja cha maji chatosha kusukutulia. Damu ikitoka, usiache. Wengi huacha kwa hofu, na ukoga hupata nafasi. Ikiendelea kutoka baada ya majuma mawili, au jino likicheza, nenda kwa mganga wa meno akaukwangue ule ukoga mgumu, maana mswaki hauuwezi.

Akina mama, neno moja kwenu. Mtoto aliyedhoofika kwa njaa au aliyetoka katika surua, mkiona kidonda katika ufizi wake, kinanuka, na shavu linaanza kuvimba, msingoje hata kesho. Huenda ikawa noma, ugonjwa ulao uso kwa muda wa siku chache. Shirika la Afya Duniani liliuweka katika orodha yake ya magonjwa yaliyosahauliwa mwezi wa Desemba 2023. Ukiwahiwa mwanzo, dawa za kawaida za kuua vijidudu huuzuia. Ukichelewa, mtoto hufa, au hupona akiwa na uso ulioharibika.

Sasa naketi. Mwenye swali na aulize, na nisilolijua nitaliandika nimpelekee daktari.