Matunda Baada ya Mazoezi: Tule kwa Elimu, Tusimzulie Mtume (S.A.W.)

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Amma baad.

Ndugu Waislamu, vijana wetu wa Mbeya hupanda mlima Loleza, na wenzao wa Iringa hukimbia katika vilima vya mji wao. Ni jambo jema; Mtume (S.A.W.) mwenyewe alishindana mbio na Bibi Aisha (R.A.). Lakini kesho yake tunawaona wakirukuu kwa taabu. Kinachoumiza zaidi ni kushuka: msuli hurefuka huku umebeba uzito wa mwili, nyuzi zake zikachanika kidogo kidogo, kisha mwili ukaleta uvimbe ili kuzitengeneza. Maumivu hayo hufikia kilele kati ya siku ya kwanza na ya tatu, kisha huondoka yenyewe.

Hapo ndipo kijana hukimbilia duka la dawa, akanunua diklofenaki na kuimeza tumbo likiwa tupu, hali amekaukiwa maji. Kwa matumizi hayo dawa hiyo huweza kuleta vidonda vya tumbo na kudhuru figo. Na nje ya duka hilo hilo mama anauza ndizi za Tukuyu!

Wataalamu wamelichunguza jambo hili. Katika utafiti uliotolewa mwaka 2006 huko Marekani, wanafunzi 14 walikunywa maji ya cheri chachu, wakachosha misuli ya mkono. Nguvu zilipungua kwa wastani wa asilimia 4. Walipokunywa kinywaji kisicho na cheri, zilipungua asilimia 22. Mwaka 2012 ikaonekana kuwa waendesha baiskeli waliokula ndizi katika mwendo wa kilometa 75 walimudu sawa na walipokunywa kinywaji cha sukari cha wanamichezo. Cheri hatuna, ila rangi yake ya wekundu uliokoza ni ya jamii moja na ile iliyomo katika zambarau na forosadi. Hata hivyo tunda halishiki nafasi ya usingizi, maji na mapumziko.

Lipo jambo linalotusikitisha zaidi. Wapo wauza dawa, na hata baadhi ya wahadhiri, wanaolitungia kila tunda Hadithi. Ibnul Qayyim alikwisha kubainisha kwamba maneno yanayosifu bilinganya ni ya kuzuliwa. Je, parachichi la Rungwe, ambalo asili yake ni bara la Amerika na halikujulikana Hijazi zama zile, litapata wapi Hadithi? Kilichosihi kwa Bukhari ni kuwa Mtume (S.A.W.) alionekana akila tende mbivu pamoja na matango. Ndizi ya Tukuyu ni halali na ina manufaa bila ya kutafutiwa isnadi.

Mwenye kisukari amuulize daktari kiasi cha matunda kinachomfaa. Na ambaye baada ya mazoezi mazito mkojo wake umekuwa mweusi kama chai ya rangi, huyo asingoje ndizi wala zambarau. Aende hospitali siku hiyo hiyo.

Wabillahi tawfiq.