Kijana Akijifungia, Mtafutie Mshauri

Mzazi wa Dimani, mlezi wa Kibiti na vijiji vya delta: kijana wako halali usiku? Hali chakula, anawakimbia wenzake? Usiseme ni jeuri. Usiharakishe kusema karogwa. Na hata ukienda kwa mganga, hospitali usiiache.

Kaa naye, msikilize bila kumkaripia. Kisha piga 116, simu ya mtoto. Ni bure, hata salio likiisha. Kijana mwenyewe anaweza kupiga.

Mwone pia afisa ustawi wa jamii, au mpande boti mwende kituo cha afya. Ombeni rufaa kwa mtaalamu wa afya ya akili.

Akitaja kufa, asiachwe peke yake. Mpelekeni hospitali leo hii.

Namba ni 116. Moja, moja, sita.