Nondo wa Mabua katika Nyanda za Buha

Mkulima wa Kasulu au Kibondo, hapa Buha, aonaye majani machanga ya mahindi yake yana matundu yaliyojipanga safu, kisha moyo wa mche umekauka na ukivutwa watoka bila taabu, aghalabu humlaani funza aliyemo ndani ya bua, ilhali mzazi wa funza huyo, nondo mdogo arukaye usiku, humpita machoni pasi na kutambuliwa.

Nondo huyo, aliyeelezwa katika maandishi ya wataalamu na Fuller mwaka 1901 na ambaye leo huitwa Busseola fusca, ana mabawa ya mbele ya hudhurungi yenye mabaka ya weusi, na ya nyuma meupe yaelekeayo kijivu. Yakikunjuliwa, upana wake ni kiasi cha sentimita 3. Maskani yake ni Afrika kusini ya Sahara, na upande huu wa mashariki hustawi zaidi katika nyanda za juu kama hizi zetu, ilhali joto la mwambao limetawaliwa na mwenziwe Chilo partellus, mgeni kutoka Asia, aliyeonekana Afrika kwanza katika nchi iitwayo leo Malawi, mnamo mwaka 1930.

Basi ni dhahiri kwamba mwenyeji wa Buha ni nondo, na mgeni ni mahindi, yaliyoletwa kutoka Amerika na kumkuta akila mtama na manyasi ya mwituni. Na kwa kuwa hatutamfukuza katika nchi yake, sharti tuijue tabia yake. Mvua zikikoma, funza aliyekomaa hulala ndani ya mabua makavu miezi mingi, hata mvua za mwanzo zikinyesha ndipo ageukapo nondo, na jike akataga mayai nyuma ya ala ya jani la mche mchanga.

Kwa hiyo silaha yetu ni kiangazi. Mabua yakatwe chini kabisa, yalishwe mifugo au yafukiwe. Na yatakiwayo kwa ua yatandazwe kwanza juani, tabaka jembamba, muda wa mwezi, ili joto limuue funza. Lakini nondo hajui mpaka wa shamba, na juhudi ya mmoja hubatilishwa na ajizi ya jirani. Nayasihi mabaraza ya vijiji yaweke wakati mmoja wa kusafisha mashamba na wakati mmoja wa kupanda, maana kazi hii haimfai mtu ila ifanywe na wote.